Stima Imezimwa, Lakini Je, Mashine Imelala?

Leo tutaweka kando magonjwa tuliyozoea kuyajadili katika ukurasa huu ili tutazame madhara ambayo hayaletwi na mdudu wala chakula. Nazungumzia majeraha yanayompata mtu anapotengeneza, anaposafisha au anapokwamua mashine. Huenda ukauliza daktari ana kazi gani na mashine. Daktari ndiye anayebaki na mkono wa fundi mezani baada ya mashine kumaliza kazi yake, na aghalabu hana la kufanya ila kushona kilichosalia.

Wengi wa wagonjwa wa aina hii ninaowapokea huniambia neno moja wakiwa bado wanatetemeka: "Lakini daktari, tulikuwa tumezima." Nami huwaamini. Ni kweli walikuwa wamezima. Tatizo ni kwamba kuzima mashine ni jambo moja, na kuinyima nguvu zote zinazoweza kuisogeza ni jambo jingine kabisa. Tofauti hiyo ndiyo somo letu la leo, na wala si somo la watu wa viwanda vya Industrial Area peke yao. Linamhusu mwenye mashine ya kusaga unga, mwenye gereji, mama mwenye mashine ya kukata majani ya ng'ombe kule Githurai, na hata wewe unayepanda juu ya meza nyumbani kubadilisha swichi.

Nitatoa mfano wa kijana mmoja niliyemtibu. Alikuwa kibarua katika kiwanda kidogo cha mikate. Mashine ya kukanda unga ilikwama katikati ya zamu ya usiku, mwenzake akazima swichi iliyokuwa ukutani, naye akaingiza mkono ndani kutoa unga uliokuwa umegandamana. Mfanyakazi wa tatu alitoka stoo, akaona swichi imezimwa na mikate imechelewa, akaiwasha. Kijana alipoteza vidole vitatu vya mkono wa kulia, mkono aliokuwa akiutumia kula, kuandika na kujitafutia riziki.

Katika mkasa huo hutampata mtu mbaya. Wa kwanza alizima swichi alivyotakiwa, wa pili alifanya kazi yake kwa bidii, na wa tatu alitaka kusaidia. Kilichokosekana ni kitu cha kumzuia yule wa tatu asiweze kuwasha hata kama angetaka. Ingekuwa kufuli kwenye ile swichi, angelazimika kuuliza ni nani mwenye ufunguo, na swali hilo moja lingetosha.

Usidhani mambo haya ni ya nchi zetu tu. Mwezi wa Oktoba 2012 katika jimbo la California, Marekani, mfanyakazi mmoja wa kampuni ya Bumble Bee Foods, inayopika samaki aina ya jodari wa mikebe, aliingia ndani ya tanuri kubwa la kupikia, lenye urefu wa zaidi ya mita 10, ili alitengeneze. Wenzake walidhani amekwenda msalani. Wakajaza samaki wa kilo zaidi ya 5,000 ndani ya tanuri hilo, wakafunga mlango na kuliwasha. Walipokumbuka kumtafuta, muda ulikuwa umepita. Mwaka wa 2015 kampuni hiyo ilikubali kulipa dola milioni 6 kumaliza kesi. Hilo ni taifa ambalo tangu 1989 lina kanuni maalumu juu ya jambo hili. Shirika la serikali yao linalosimamia usalama kazini linakadiria kwamba kanuni hiyo inapofuatwa huzuia vifo vipatavyo 120 na majeraha 50,000 kila mwaka. Kanuni ikiwa kwenye karatasi tu haimzuii mtu kubonyeza swichi.

Nguvu zilizojificha

Mashine iliyosimama ni kama fahali aliyefungwa kamba. Kule kusimama kwake hakuonyeshi kwamba hana nguvu. Kunaonyesha tu kwamba kwa wakati huo kuna kitu kinachomzuia. Kazi ya fundi mwenye busara ni kutafuta kila kamba na kujua nini kitatokea ikikatika.

Watu wengi hufikiria stima peke yake. Hebu tuanze nayo, kwa kuwa ndiyo inayojulikana zaidi na pia ndiyo inayodharauliwa zaidi. Stima ya nyumbani kwetu Kenya ni ya volti 240, na ile ya nyaya tatu inayoendesha mitambo ya viwandani hufikia volti 415. Kinachoua hasa ni kiasi cha mkondo unaopita mwilini. Mkondo wa miliampia 10 hivi unaweza kuikaza misuli ya mkono hata mtu ashindwe kuuachilia waya alioushika. Ukizidi hapo kifua hukakamaa na pumzi hukwama, na karibu na miliampia 100 moyo huacha kudunda kwa mpango na kuanza kutetemeka ovyo, jambo linaloua kwa dakika chache. Sasa linganisha: balbu ya zamani ya wati 60 hutumia takriban miliampia 250. Mkondo unaowasha taa moja ya sebuleni unatosha kuua zaidi ya mara moja. Ngozi kavu husaidia kuuzuia kiasi, lakini ngozi yenye jasho au maji ni kama mlango ulioachwa wazi.

Isitoshe, kuna vifaa vinavyoweka stima akiba. Ndani ya televisheni za zamani, mashine za kuchomelea, vifaa vya kuhifadhia umeme wa kompyuta na oveni za maikrowevu mna kapasita, ambazo hubaki na chaji baada ya plagi kung'olewa. Ile ya maikrowevu hufanya kazi kwa volti elfu mbili na zaidi. Nawasihi wale vijana wanaojifunza ufundi kwa kufungua vifaa vya nyumbani: maikrowevu iacheni kwa fundi aliyesomea. Na kwa wale walioweka paneli za sola juu ya paa, kumbukeni kwamba maadamu jua linawaka, paneli zinatoa umeme, hata kama umezima kila swichi ndani ya nyumba.

Baada ya stima kuna uzito. Chochote kilichoinuliwa kina hamu ya kushuka. Lori la tipa likiinua bodi yake, bodi hiyo huzidi tani moja ikiwa tupu, nayo hushikiliwa na mafuta yaliyoshindiliwa ndani ya silinda. Paipu moja ikipasuka, au msaidizi akigusa mkono wa gia akiwa ndani ya kichwa cha lori, bodi hushuka kwa muda mfupi kuliko mtu anavyoweza kusema "ondoka". Usiingie chini ya bodi iliyoinuliwa bila kuiwekea nguzo ya chuma iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Vivyo hivyo gari lililoinuliwa kwa jeki: jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake. Nimewaona mafundi wa barabarani wakiweka matofali ya saruji badala ya stendi za chuma. Tofali la saruji hupasuka ghafla bila kutoa onyo.

Mwendo nao ni nguvu. Mashine ya kusaga mahindi au ya kukata majani ya ng'ombe ina gurudumu zito au visu vinavyoendelea kuzunguka baada ya injini kuzimwa. Sauti imenyamaza, wewe unadhani kazi imekwisha, kumbe visu bado vinakwenda. Subiri visimame kabisa, kisha vizuie kwa kipande cha mti kabla ya kuingiza kitu chochote. Na hata vikisimama, majani yaliyokwama yanaweza kuwa yamekaza mkanda kama upinde. Ukiyatoa tu, kisu huruka robo mzunguko. Robo mzunguko hutosha kukata kidole.

Kuna pia springi zilizobanwa, mvuke na maji moto ndani ya mabomba ya boila, na kemikali zilizobaki ndani ya matangi. Hayo sitayaeleza sana leo, ila niseme kwamba kufunga koki moja hakutoshi kama bomba lenyewe bado limejaa. Lazima lililomo litolewe nje kwa njia salama na joto lishuke.

Lakini hewa na mafuta ya shinikizo nitayasimamia kidogo, kwa sababu hapa ndipo wagonjwa hunidanganya bila kujua. Mtu huja na kitobo kidogo kwenye ncha ya kidole, kama alichomwa na sindano. Anasema paipu ya grisi au ya mafuta ya hidroliki ilikuwa ikivuja, akaipapasa kwa mkono kutafuta tundu. Hana maumivu mengi, na pengine amekuja kwa sababu mkewe amemsukuma. Msomaji, hiyo ni dharura ya upasuaji! Mafuta yaliyotoka kwa shinikizo kubwa hupenya ngozi na kusafiri ndani ya kidole kufuata kano hadi kiganjani. Baada ya saa chache mkono huvimba, damu hushindwa kupita, nyama huanza kuoza. Mgonjwa aliyeambiwa ameze dawa ya maumivu na arudi kesho anaweza kurudi kukatwa kidole. Likikupata, usikamue wala usikande. Uinue mkono, uende hospitali iliyo na daktari wa upasuaji saa hiyo hiyo, na uchukue jina la mafuta hayo. Umwambie daktari waziwazi kwamba yaliingia kwa shinikizo, maana kitobo peke yake kinaweza kumpotosha hata yeye. Na tundu la paipu hutafutwa kwa kipande cha katoni, kamwe si kwa kiganja.

Magurudumu ya malori ni ndugu wa jambo hilo. Wale wa pancha wanaofungua rimu za vipande viwili au vitatu wajue kwamba kabla ya kugusa pete ya rimu ni lazima hewa yote itolewe, na ile sindano ya vali ing'olewe kabisa. Pete ikiruka na hewa ndani, huruka kwa nguvu ya kupasua fuvu.

Kupotea kwa stima si kuzima

Kuna mazoea mabaya hapa kwetu ambayo lazima niyataje. Stima ikipotea mtaani, watu husema: "Haya, huu ndio wakati wa kusafisha ile mashine." Fundi hupanda juu, kibarua huingiza mkono. Kisha stima hurudi. Hairudi kwa hodi. Hurudi kwa ghafla, na mashine iliyokuwa ikifanya kazi wakati stima ilipopotea huendelea pale ilipoachia ikiwa swichi yake haikuzimwa. Katika majengo mengine jenereta hujiwasha yenyewe baada ya sekunde chache.

Vivyo hivyo kwa wanaotumia mita za tokeni. Tokeni zikiisha, nyumba ina giza, na baba anaamua kutengeneza soketi. Chumbani, mtoto aliyetaka kutazama mpira anapokea nambari za tokeni kwenye simu na kuziingiza. Sina haja ya kuendelea.

Pia kuna mashine zinazojiwasha zenyewe kwa utaratibu wake. Pampu ya maji yenye boya ndani ya tangi husubiri maji yashuke. Kompresa ya gereji husubiri hewa ipungue. Friji na jokofu la bucha husubiri joto lipande. Ukiikuta imenyamaza usidhani imezimwa, kwani huenda imepumzika tu. Na kile kibonyezo chekundu cha dharura kilichoko kwenye mashine nyingi ni cha kusimamisha hatari inayotokea sasa hivi. Hakikati umeme unaoingia katika mashine, na mtu yeyote anaweza kukirudisha kwa kukizungusha. Usiingize mkono kwa kukitegemea.

Kufuli, ufunguo na kibao

Njia inayotumika kote duniani ni rahisi hata inashangaza kwamba hatuifuati. Wataalamu huiita lokauti, lakini mimi naiita njia ya kufuli na kibao.

Kwanza waambie wote wanaotumia mashine hiyo kwamba inakwenda kutengenezwa. Wengi huruka hatua hii kwa kuona ni kupoteza wakati. Ifikirie mashine na ujiulize inapata nguvu kutoka wapi, na usiridhike na jibu moja. Mashine ya kiwandani inaweza kuwa na stima kutoka upande huu, hewa kutoka upande ule na mafuta ya hidroliki chini yake. Izime kwa njia ya kawaida. Kisha nenda kwenye swichi kuu inayoilisha, uifungue, na uweke kufuli lako. Fanya hivyo kwa kila koki na kila vali. Juu ya kufuli tundika kibao chenye jina lako, tarehe na sababu: "Usiwashe, fundi yumo ndani." Kibao bila kufuli ni ombi, mtu anaweza kukisoma akakiondoa, au asiweze kusoma kabisa.

Kila mtu anayefanya kazi ndani ya mashine lazima awe na kufuli lake mwenyewe na ufunguo mmoja tu, ulio mfukoni mwake. Kama mafundi ni wanne, swichi hiyo ibebe kufuli nne. Kuna vyuma vyenye matundu mengi vinavyouzwa kwa kazi hiyo, na fundi chuma yeyote wa jua kali anaweza kukutengenezea. Wa kwanza akimaliza ataondoa la kwake, na mashine itabaki imefungwa hadi wa mwisho atoke. Msimamizi asiweke ufunguo wa akiba kwenye droo. Ufunguo wa akiba ukijulikana ulipo, kufuli hilo limekuwa pambo.

Halafu ondoa nguvu zilizobaki: toa hewa, shusha kilichoinuliwa au kiegemeze, legeza springi, subiri magurudumu yasimame na vyuma vipoe.

Sasa inakuja hatua ambayo naipenda kuliko zote, nayo ndiyo inayosahauliwa kuliko zote. Baada ya kufunga kila kitu, hakikisha hakuna aliye karibu na visu, kisha jaribu kuiwasha mashine. Bonyeza swichi ya kuwashia kwa makusudi! Ikinguruma, umefunga swichi ambayo siyo, na umegundua ukiwa na vidole kumi. Isiponguruma, rudisha swichi mahali pake pa kuzimia. Kwa upande wa stima, fundi apime kwa kipimo chake. Na kipimo chenyewe apime kwanza mahali anapojua pana umeme, kisha kwenye waya anaotaka kugusa, kisha arudi tena pale penye umeme. Testa iliyokufa husema kila waya umekufa.

Kazi ikiisha, hesabu zana na uhesabu watu. Rudisha vifuniko na vizuizi vyote, waite wenzako waondoke, kila mtu aondoe kufuli lake kwa mkono wake. Zamu ikibadilika kazi ikiwa haijaisha, anayeingia aweke la kwake kabla ya anayetoka kuondoa la kwake. Na ikitokea fundi ameondoka na ufunguo? Hapo msimamizi ampigie simu, ahakikishe kwa macho kwamba hayumo ndani ya mashine wala kiwandani, ndipo kufuli likatwe, naye aambiwe kabla hajaanza kazi tena. Lisikatwe kwa sababu tu mteja anasubiri mzigo.

Nyumbani na katika biashara ndogo mambo ni mepesi zaidi. Kifaa chenye plagi, ing'oe plagi na uiweke mahali unapoiona muda wote wa kazi, au mfukoni ikiwezekana. Mashine ya majani inayoendeshwa kwa injini, ng'oa waya wa plagi ya injini kama ni ya petroli. Unapotengeneza soketi, zima swichi kuu, funga mlango wa kisanduku na ukae na ufunguo.

Ajali ikitokea

Mtu akishikwa na umeme, usimshike. Kata stima kwanza. Ikiwa huwezi kuifikia swichi, na ni stima ya kawaida ya nyumbani, msukume kwa ubao au plastiki iliyokauka, nawe usimame juu ya kitu kikavu. Nyaya kubwa za nguzo za mtaani usizikaribie hata kwa ubao; ita watu wa kampuni ya umeme. Akiwa hapumui wala haitiki, mlaze chali, weka viganja viwili katikati ya kifua na ukandamize kwa nguvu hadi kifua kishuke sentimita 5 hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kupumzika hadi msaada ufike. Kama umefunzwa kupuliza pumzi, puliza mbili baada ya kila kandamizo 30. Moyo uliosimamishwa na umeme mara nyingi ni moyo wa kijana mwenye afya, na unaweza kurudi. Na hata yule aliyenusurika akasema hajambo apelekwe hospitali apimwe moyo. Umeme huacha alama ndogo juu ya ngozi huku umeunguza misuli ndani, na misuli iliyoungua huweza kuharibu figo.

Aliyenaswa na mashine, izimeni na kuifunga kabla ya kumgusa. Msikimbilie kuirudisha nyuma, maana huenda ikamrarua mara ya pili. Vueni pete na saa upesi kabla mkono haujavimba. Damu izuiwe kwa kukandamiza kidonda kwa kitambaa safi, kwa nguvu na bila kuchungulia kila dakika. Inaporuka kama maji ya mfereji na haizuiliki, funga kitambaa kipana juu ya kidonda kuelekea bega au paja, kaza kwa kijiti, na uandike saa uliyofunga.

Kidole au mkono uliokatika usiutupe wala usiutie moja kwa moja kwenye barafu. Suuza uchafu kwa maji safi, ufunge kwa kitambaa safi chenye unyevu, utie ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, kisha mfuko huo uwekwe ndani ya maji yenye barafu. Mpeleke mgonjwa na kiungo chake pamoja. Mwanzoni mwa 2018 madaktari wa Hospitali Kuu ya Kenyatta walifaulu kurudisha mkono wa kijana aliyekatwa na mashine ya kukata majani ya ng'ombe, na mojawapo ya sababu za kufaulu ni kwamba mkono ule ulitunzwa na kuletwa mapema. Kidole kilichopozwa vizuri chaweza kungoja saa nyingi, lakini mkono mzima wenye misuli haungoji sana. Saa sita bila kupozwa ni nyingi mno. Na kila kidonda cha mashine kinahitaji sindano ya kuzuia pepopunda.

Sheria inasemaje?

Msomaji mmoja wa Kariobangi ameniandikia kwamba tajiri wake humwambia kufuli ni za watu waoga, na kwamba asiyetaka kuingia ndani ya mashine aende nyumbani. Ameuliza afanye nini.

Ndugu, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri atoe mashine na taratibu za kazi zilizo salama, na awafunze wafanyakazi wake. Ukiona hatari kubwa iliyo karibu kutokea, unatakiwa umwarifu msimamizi wako mara moja, na mwajiri haruhusiwi kukulazimisha kurudi mahali pale hatari ikiwa bado ipo, wala kukuadhibu kwa kuieleza. Penye wafanyakazi 20 au zaidi lazima pawe na kamati ya usalama. Ulizia ni akina nani. Wasipokusikiliza, nenda ofisi ya idara ya usalama na afya kazini, DOSHS, iliyo karibu nawe. Najua ni rahisi kwangu kuandika haya nikiwa na kazi yangu, na wewe kibarua huitwa asubuhi langoni. Kwa hiyo nakushauri uanze kwa kununua kufuli lako mwenyewe. Ni shilingi mia chache, na ni vigumu tajiri kumfukuza mtu kwa kufunga swichi kwa dakika kumi ilhali mashine haifanyi kazi hata hivyo.

Na ukiumia, chini ya Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya 2007 gharama za matibabu ni za mwajiri, nawe una haki ya kulipwa fidia hata kama hukuajiriwa kwa mkataba wa kudumu. Mwarifu mwajiri mapema iwezekanavyo, naye ana siku saba za kuiarifu idara. Dai lenyewe lipelekwe kabla ya miezi kumi na miwili kupita tangu siku ya ajali. Weka karatasi zote za hospitali, na umwombe daktari aliyekutibu aandike kwa ukamilifu kiungo kilichoumia na kazi ambazo mkono huo hauwezi tena. Wengi huja kwangu baada ya miaka miwili wakiwa na kadi iliyochanika, na hapo ninachoweza kuandika ni kile ninachokiona siku hiyo tu.

Waliouliza juu ya vumbi la kiwanda cha mbao na kikohozi kisichoisha, barua zenu nimezipata. Tutalizungumzia wiki ijayo.